Naombeni msaada wadau: mpwa wangu yuko Ohio ana pepa la siasa za nchi sita, nani anaweza kumpiga tuisheni?

Mjomba_wa_Mwanga · Januari 17

Habari zenu wadau, poleni na majukumu. Mimi niko Kigoma mjini huku Mwanga, nina kibanda cha kutengeneza simu, sio mwalimu na sijawahi kuwa, fomu siksi nilimaliza HGL (historia, jiografia na Kiingereza) miaka hiyo cheti kiko kabatini kinaliwa na mende. Ishu iko hivi, dada yangu aliolewa na Mkongo aliyekuwa kambi ya wakimbizi Nyarugusu, 2016 familia ikapata zamu ya kupelekwa Marekani, wako Ohio mpaka leo. Binti yao mkubwa aliondoka hapa yuko darasa la pili anacheza rede, sasa hivi yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na kachukua somo wanaliita AP Comparative Government, yaani siasa linganishi. Haya masomo ya AP ni ya ngazi ya chuo ila wanayasoma wakiwa bado sekondari, mtihani mwezi wa tano, alama zinaanzia 1 mpaka 5, ukipata 3 kwenda juu vyuo vingi vinaweza kukuhesabia umeshalisoma kwa hiyo ada ya hilo somo umeokoa. Hapo ndo dada yangu alipokaza macho maana ada za vyuo vya kule ukitajiwa unatafuta pa kukaa.

Sasa mtihani wa majaribio dogo kapata 2. Mwalimu wa pembeni kule kwao dola 60 kwa saa, dada anafanya kazi usiku kwenye ghala hiyo hela haipo. Kuna mmoja walimpata mtandaoni wakamlipa vipindi vinne, akafundisha kimoja, cha pili akasema anaumwa, mpaka leo anaumwa. Basi dada kanipigia ananiambia wewe si ulikuwa unasoma historia, msaidie mtoto. Mimi huyu wa kubadilisha vioo! Nchi zenyewe ni Uingereza, Urusi, Uchina, Iran, Mexico na Nigeria, na mimi Nigeria naijua kwa muvi tu.

Kiingereza sio shida, dogo anakiongea kuliko Kiswahili. Anachosema ni "mjomba nikisoma naelewa, nikifika kwenye swali sijui wanataka nini". Kuna ticha humu wa historia au GS (General Studies) anisaidie nimsaidie? Tunaongea WhatsApp. Shukrani zipo.

Kigogo_Katubuka

Shukrani ya hela au ya samaki wetu, migebuka? Tuanzie hapo kwanza

Mjomba_wa_Mwanga

Migebuka ipo mkuu, lete ticha

Mzuka_wa_Kasulu

Hapo ni kukariri tu. Tafuta notisi za hizo nchi, kila nchi point sita, utangulizi, hitimisho, kwisha habari. Wote tumetoka hivyo na tupo

Mbeba_Boksi

Mzuka, huo ushauri ndo utampa hiyo 2 kwa mara ya pili. Niko huku huku Marekani na mwanangu kalifanya hilo pepa mwaka juzi, ngoja niwaeleze lilivyo ili msimpoteze binti wa watu.

Sehemu ya kwanza ni maswali 55 ya kuchagua ndani ya saa moja, ni nusu ya alama zote, na ukikosa hukatwi kwa hiyo asiache tupu hata moja, hata la kubahatisha aweke. Sehemu ya pili maswali manne ya kuandika, saa moja na nusu. La kwanza ni la dhana fupi fupi, dakika kama 10 limeisha. La pili wanakupa jedwali au grafu uisome. La tatu unalinganisha nchi mbili. La nne insha ya hoja, hiyo ina dakika kama 40. Na siku hizi yote wanafanyia kwenye kompyuta, programu inaitwa Bluebook, kwa hiyo aanze kuzoea kuchapa haraka sio kuandika kwa mkono.

Sasa Mzuka sikiliza, utangulizi na hitimisho havina alama. Hakuna anayehesabu point sita. Insha nzima ina alama 5: moja ya hoja kuu, mbili za ushahidi, moja ya kueleza ushahidi wako unaibebaje hoja, moja ya kumjibu mtu anayekupinga. Basi. Mwanangu alikuwa anaandika kurasa, mwalimu wake akamwambia umeandika vizuri sana umepata 2.

Halafu msinunue kitu. College Board ambao ndo wenye mtihani wanaweka kwenye tovuti yao maswali ya kuandika ya miaka iliyopita, mwongozo wa kusahihishia na mifano ya majibu ya wanafunzi, bure. Na ada ya mtihani ni kama dola 100 ila familia ya kipato kidogo wanapunguziwa, dada amuulize mshauri wa shule kama hajafanya hivyo.

Mwamba_wa_Uvinza

Pepa likivuja tutakuletea hapa, usijali

Mbeba_Boksi

Mwamba tafadhali, mtoto ana maisha yake huku

Ticha_Isevya · Januari 19

Mwangaluka wanajukwaa. Niko Tabora, nafundisha historia na GS fomu faivu na siksi. Hiyo AP sijawahi kuifundisha nisiwadanganye, ila mtoto anayeelewa akisoma halafu anakwama kwenye swali, hao ninao darasani kila mwaka benchi nzima.

Mjomba naomba kitu kimoja, nitumie jibu moja aliloandika mwenyewe likakosa. Notisi zake sizitaki, notisi za kila mtoto ni nzuri.

Mjomba_wa_Mwanga

Hili hapa ticha, natafsiri kadiri ninavyoweza. Swali: linganisha jinsi nchi mbili ulizosoma zinavyobana madaraka ya kiongozi wa serikali. Jibu lake: "Mexico rais anachaguliwa kwa miaka sita. Mexico ilitawaliwa na chama cha PRI kwa miaka 71 mpaka mwaka 2000. Uingereza ina waziri mkuu na pia ina mfalme. Uingereza haina katiba. Kwa hiyo nchi hizi zinafanana na pia zinatofautiana."

Kapewa 1 kati ya 5 na alama kubwa ya kuuliza pembeni.

Kigogo_Katubuka

Hiyo sentensi ya mwisho hata mimi ningeiandika kwa roho safi

Ticha_Isevya

Umeona eeh. Hilo jibu halina uongo mwingi, nitarudi kwenye katiba, tatizo ni kwamba kapakua Mexico sahani yake na Uingereza sahani yake, kaziweka mezani kaondoka. Wenye mtihani wanataka sahani moja. Kulinganisha ni kuchukua KITU KIMOJA, ukakipitisha nchi zote mbili, halafu ukasema kwa nini kimetoka tofauti.

Kitu kimoja hapa ni nani au nini kinamtoa kiongozi. Sasa mwangalie: Mexico rais anakaa miaka sita mara moja tu, harudi kugombea tena maisha yake yote, kwa hiyo kinachomtoa ni kalenda, na ndani ya hiyo miaka sita bunge haliwezi kumwondoa eti kwa sababu limemchoka. Uingereza waziri mkuu hana ukomo wa miaka, angeweza kukaa ishirini, ila anakaa kwa sababu wabunge wengi wako nyuma yake, wakigeuka anaondoka hata kesho. Mwaka 1979 waziri mkuu Callaghan alishindwa kura ya kutokuwa na imani kwa kura moja, 311 kwa 310, ikabidi uitishwe uchaguzi na akaupoteza. Kwa nini iko tofauti? Kwa sababu rais wa Mexico kachaguliwa na wananchi moja kwa moja, bunge halikumpa kazi kwa hiyo haliwezi kumnyang'anya, wakati yule wa Uingereza kazi yake imetoka bungeni.

Mistari minane na hakuna PRI wala mfalme humo. Mtoto anapoongeza vitu anavyovijua nje ya swali anadhani anajenga, kumbe anamchosha msahihishaji tu.

Na kuhusu katiba, asirudie kuandika Uingereza haina katiba. Inayo, ila haipo kwenye kitabu kimoja kama yetu, imetawanyika kwenye sheria za bunge, hukumu na desturi.

Mama_Salma_Ujiji

Jamani mimi nina diploma na nimeelewa leo kwa nini nilipata D ya historia

Mzuka_wa_Kasulu

Ticha nakuelewa lakini kukariri lazima kuwepo, huwezi kulinganisha usichokijua

Ticha_Isevya

Hapo sipingani na wewe. Akariri, ila akariri kwa mstari wa mlalo. Achore meza, juu nchi sita, pembeni maswali: nani kiongozi wa dola, nani kiongozi wa serikali, anaingiaje, anatokaje, wabunge wanapatikanaje, mahakama inaweza kumkatalia nani. Asome kwa kukata mlalo. Akisoma Iran yote wiki hii na Urusi yote wiki ijayo atarudi kwenye sahani mbili.

Halafu kuna dawa ninayoitumia mimi na nataka mjomba uijaribu. Kila wiki dogo amfundishe mama yake kitu kimoja KWA KISWAHILI, daftari limefungwa. Kiingereza kinamfichia, kina maneno makubwa anayaweka pale yanakaa vizuri hata kama hajui yanafanya nini. Kiswahili chake ni cha jikoni, hakina pa kujifichia.

Mwamba_wa_Uvinza

Yaani mama katoka ghalani asubuhi hajalala mnampa Urusi 😂

Mjomba_wa_Mwanga · Februari 2

Wadau nimerudi na mrejesho. Tumefanya Jumapili mbili. Kwetu inakuwa saa tatu usiku, kwao saa saba mchana, wametoka kanisani mama anakaanga ndizi simu imeegeshwa kwenye kopo la chumvi.

Jumapili ya kwanza tulikwama dakika ya tatu. Dogo alikuwa anaelezea tofauti ya dola (state kwa Kiingereza, sio hela), mfumo wa utawala na serikali, ambayo anasema ndo ukurasa wa kwanza wa kozi na kila kitu kinasimama hapo. Kwa Kiingereza aliimwaga yote kama maji. Nikamwambia haya mwambie mama. Akasema "mama, serikali ni, ni serikali. Na hiyo nyingine nayo ni kama serikali." Dada akageuka na mwiko mkononi akasema sasa serikali si ndo nchi yenyewe? Kimya. Mtoto akaanza kucheka alafu akasema mjomba kumbe sijui.

Mimi sasa nikafikiria hapo kibandani kwangu, nikasema ngoja nijaribu na Liemba. Dada kapanda Liemba utotoni anaijua. Nikawaambia ile meli Mjerumani aliitengeneza kwao ikaja vipande vipande ikaunganishwa hapa Kigoma, 1916 wakaizamisha wenyewe adui asiichukue, 1924 ikaibuliwa, 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, baadaye ikawa ya Tanganyika huru mpaka Tanzania. Chuma ni kile kile. Hicho chuma ndo dola. Kanuni za melini, nani anaruhusiwa kushika usukani, abiria wana haki gani, huo ndo mfumo wa utawala, na hizo zilibadilika kila alipokuja mwenye meli mpya. Nahodha wa safari ya leo na mabaharia wake ndo serikali.

Dada akasema kwa hiyo nahodha akibadilishwa meli haijabadilika. Nikamwambia umemaliza. Dogo akadakia mwenyewe bila kuulizwa: Uingereza 2022 walikuwa na mawaziri wakuu watatu mwaka mmoja, Johnson, Truss, Sunak, na huyo Truss alikaa siku 49, hapo manahodha tu wamebadilishwa. Iran 1979 kanuni zote zilitupwa ziwani zikaandikwa nyingine ila Iran ipo pale pale. Nilisikia raha nusu nianguke kwenye stuli.

Kigogo_Katubuka

Fundi simu katuletea Liemba darasani, hii nchi ina vipaji vimefichwa kwenye vibanda

Ticha_Isevya

Mjomba huo mfano nauchukua, Jumatatu unaingia fomu faivu na sikulipi.

Mnyamwezi_Halisi

Nimeusoma uzi wote. Kama mnatafuta ya nyumbani ya kumfungulia mtoto mifumo ya uchaguzi, mwambieni kura tatu. TANU, chama cha Nyerere cha kudai uhuru, walikutana hapa hapa Tabora Januari 1958, mkoloni kaleta uchaguzi wa masharti, kila mpiga kura lazima apige kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu. Wengi walitaka wasusie kabisa, Nyerere akawashawishi waingie, wengine wakakasirika na Mtemvu akatoka akaanzisha chama chake. TANU wakafanya nini? Kwa kuwa kila mtu analazimika kumpigia Mzungu na Mwasia, na wapiga kura wengi ni wao, wakachagua Wazungu na Waasia wanaowaunga mkono wakawapigia hao. Sheria iliyotungwa kuwabana ikawabeba.

Hapo mtoto ataona kwamba namna ya kuhesabu kura inaamua mshindi kabla kura haijapigwa. Ndo hapo umpeleke Uingereza, 2024 Labour walipata asilimia kama 34 ya kura wakaondoka na viti zaidi ya 400 kati ya 650, kwa sababu kila jimbo anayeongoza anachukua hata kama hajafika nusu. Halafu umpeleke Mexico, wabunge 500, 300 wa majimbo na 200 wa kugawiwa kwa uwiano wa kura za vyama, kwa hiyo chama kidogo hakifutiki. Urusi nao bunge lao, Duma, lina wabunge 450, nusu majimbo nusu orodha za vyama.

Mjomba_wa_Mwanga

Mnyamwezi asante sana, nimemtumia voisi ya dakika nane, bando limelia lakini poa

Mzuka_wa_Kasulu

Tukitaja kuhesabu kura na sisi hapa kwetu

Mama_Salma_Ujiji

Mzuka usianze, uzi utafungwa mtoto afeli. Hiyo mada ina nyuzi zake

Mjomba_wa_Mwanga · Februari 23

Ticha nimepata pigo. Dogo kaandika insha ya hoja nzuri mno, kama chama kimoja kinaweza kuleta utulivu, kaweka ushahidi wa Tanzania, 1965 tukawa chama kimoja, 1992 tukarudi vyama vingi, kaeleza mpaka nikajivunia. Mwalimu wake kampa sifuri ya ushahidi. Mtoto kalia kabisa, anasema mnanifundisha vitu visivyohesabika. Hapo nimekosa cha kumjibu.

Mbeba_Boksi

Oooh pole. Kosa letu hilo, tulipaswa kumwambia mapema. Ushahidi lazima utoke kwenye zile nchi sita za kozi, kabisa. Tanzania ni ya kuelewea kichwani, kwenye karatasi haingii.

Ticha_Isevya

Ni kosa langu, nilikuwa nashangilia mifano ya kwetu sikuangalia mwongozo. Mwambie nimeomba radhi, na nasema kweli.

Ila ile insha asiitupe. Hoja ibaki, abadilishe ushahidi tu. Anayesema chama kimoja kinaleta utulivu anayo PRI, walishika Mexico 1929 mpaka 2000 bila mapinduzi ya kijeshi, wakati Nigeria imepata uhuru 1960 na ikapita mapinduzi kadhaa na vita vya Biafra 1967 mpaka 1970. Huo ni ushahidi mmoja. Halafu Uchina. Kisha aje yule anayepinga aseme utulivu huo ulinunuliwa kwa bei gani, na Mexico ilipofungua mlango 2000 Fox wa upinzani akashinda urais, nchi haikuvunjika, kwa hiyo labda utulivu haukuwa wa chama kimoja peke yake. Akimjibu huyo vizuri anapata na ile alama ya tano.

Mtoto anayeweza kujenga hoja kwa Tanzania atashindwaje kwa Mexico, kazi ngumu keshaifanya.

Mjomba_wa_Mwanga

Nimemsomea. Kasema "mwambie ticha nimemsamehe ila sio leo" 😅

Mwamba_wa_Uvinza

Huyo Mha kabisa, Ohio haijamtoa kitu

Mjomba_wa_Mwanga · Machi 16

Kwanza wametusogezea saa kule, sasa saa tatu yetu ni saa nane yao, wiki iliyopita nilikaa lisaa nasubiri nikadhani nimesuswa.

Mrejesho: maswali ya takwimu ndo yanamla. Kuna jedwali la rushwa la Transparency International, nchi imepata namba kubwa yeye kaandika ina rushwa nyingi. Kumbe ile inaanzia 0 mpaka 100, na 100 ndo safi. Alafu kwenye ile ya Gini namba kubwa ni mbaya, maana yake pengo la wenye nacho na wasio nacho ni kubwa. Anasema kila namba ina tabia yake. Na wanamuuliza kama kitu kimoja kinasababisha kingine au vinaenda pamoja tu, hapo anachanganyikiwa kabisa.

Dagaa_wa_Kibirizi

Sijachangia uzi huu mimi ni mfanyabiashara ila hilo la mwisho naliweza. Mwambie hivi. Mbalamwezi ikiwaka dagaa wanapanda bei. Hiyo ni sababu kweli, kwa sababu wavuvi wanavutia dagaa kwa taa usiku, mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti, mitumbwi haitoki, mzigo unapungua, bei juu. Unaona naweza kukupeleka hatua kwa hatua. Sasa kuna mwezi shule zilifungwa na dagaa wakapanda bei, nikikwambia likizo ndo inapandisha dagaa nitakupitishia wapi? Hakuna njia. Vimetokea pamoja tu. Ukishindwa kuitembea hiyo njia katikati usiseme inasababisha.

Ticha_Isevya

Nyie watu wa Kigoma mnanitia aibu na digrii yangu. Sina la kuongeza, isipokuwa kwenye kila jedwali kabla hajaandika herufi moja asome kichwa cha jedwali na aandike pembeni "kubwa = nini?".

Kigogo_Katubuka

Na Urusi mmeshamfundisha? Si rahisi tu, Putin rais tangu 2000 mpaka kesho

Mbeba_Boksi

Mkuu huo ndo mtego wenyewe kwenye yale 55. 2008 mpaka 2012 rais alikuwa Medvedev na Putin alikuwa waziri mkuu, maana katiba ilikataza vipindi zaidi ya viwili mfululizo. Kipindi kikaongezwa kutoka miaka minne kuwa sita, 2020 wakarekebisha tena katiba vipindi vyake vya nyuma vikafutwa kwenye hesabu. Anachotakiwa kukiona dogo ni kwamba katiba haikuvunjwa, ilizungukwa na kuandikwa upya. Uchina 2018 waliondoa kabisa ukomo wa urais. Hao wawili anaweza kuwaweka sahani moja vizuri tu.

Mjomba_wa_Mwanga · Aprili 13

Mnajua nani kaiva? Dada yangu. Jana dogo anafundisha Iran, Baraza la Walinzi, watu 12, sita ni wanazuoni wanaoteuliwa na Kiongozi Mkuu, sita ni wanasheria wanaopendekezwa na mkuu wa mahakama wakapitishwa na bunge, na hao 12 ndo wanachuja nani agombee. Dada akasimamisha mwiko akasema "kwa hiyo wananchi wanapiga kura kweli na kura zinahesabiwa, lakini menyu kaandika mwingine". Dogo kaiandika hiyo sentensi kwa Kiingereza kwenye daftari lake.

Nigeria nayo kamwelewesha mama yake, kwamba kuongoza kura hakutoshi kuwa rais, lazima pia uwe na robo ya kura angalau kwenye theluthi mbili za majimbo, yako 36 kwa hiyo 24, ili mtu wa kaskazini asishinde kwa kaskazini peke yake wala wa kusini kwa kusini. Dada kauliza na asipopatikana mwenye hizo zote? Marudio. Mtoto hakuwa anajua ikabidi akatafute.

Majaribio ya wiki hii kapata 3, mwalimu wake kasema iko karibu na 4.

Mama_Salma_Ujiji

Tunafunga na kuomba huku Ujiji

Mzuka_wa_Kasulu

Nakubali nilikosea. Nusu

Mjomba_wa_Mwanga · Mei

Kafanya. Maswali siwaletei, wana masharti ya kutokuyasambaza na sitaki kumponza. Kasema tu kwamba kwenye lile la kulinganisha alichora sahani moja kwenye karatasi ya kufanyia rafu, na insha alimaliza dakika tisa kabla akabaki anatafuta makosa ya kuchapa. Majibu mwezi wa saba.

Ticha_Isevya

Alale sasa. Na mama alale.

Mjomba_wa_Mwanga · Julai

WADAU. NNE. Kapata 4!! Dada kanipigia saa kumi alfajiri yetu nikadhani msiba, nimeshika simu mikono inatetemeka namsikia anacheka tu haongei. Chuo alichopata kimesema kwa 4 wanamhesabia hilo somo.

Alafu dada anasema pale ghalani kuna Mnigeria wanafanya naye zamu moja, walikuwa wanabishana siasa wakati wa kula, dada akamuuliza "huyo wako alifikisha robo majimbo mangapi?" Jamaa kaweka kijiko chini akamuuliza wewe umesomea wapi. Akamwambia jikoni kwangu.

Mbeba_Boksi

Nimesoma hii niko kwenye foleni ya mafuta nacheka peke yangu. Hongera sana familia

Dagaa_wa_Kibirizi

Mbalamwezi imelipa 💪

Kigogo_Katubuka

Haya turudi post namba mbili. Migebuka

Mjomba_wa_Mwanga

Sijasahau. Ticha njoo inbox unipe jina la kupokelea, kesho napandisha ndoo kwenye basi la Tabora, migebuka imekaushwa vizuri haitanuka njiani. Dagaa ya Kibirizi juu yake, jamaa kakataa hela.

Ticha_Isevya

Nimekuja inbox. Ndoo usiidai, itarudi na basi hilo hilo ikiwa na asali ya Sikonge, nusu yako nusu ya dada ukipata mtu wa kusafiri. Mwambie kuna mdogo wake?

Mjomba_wa_Mwanga

Yupo. Anataka AP ya fizikia 🙆🏾‍♂️

Kigogo_Katubuka

Fizikia migebuka haitoshi, hapo ni mbuzi